Jua la Saa Tatu Usiku

Mpimaji Mkuu alikuwa akifunga tai kwenda kusoma kipimajoto. Nalisema hili mapema asije mtu akadhani namzushia. Kila siku, saa tatu kasoro dakika tano asubuhi, alitoka ofisini na tai yake ya rangi ya damu ya mzee, penseli sikioni, akatembea hatua hamsini hadi kwenye uwanja wa vipimo, akafungua geti la waya ambalo mbuzi yeyote mwenye nia angeliruka, akaingia, akalifunga nyuma yake kwa komeo. Mimi nilibaki nje ya waya na daftari, nikisubiri anitamkie tarakimu.

Cheo cha Mkuu alijipa mwenyewe. Kituo chetu kilikuwa tawi dogo la utafiti wa pamba kando ya ziwa, ukishaipita Ilemela, na wapimaji wa hali ya hewa pale walikuwa mmoja tu, yeye. Alikuwa mkuu wa nani sijui, labda wa mijusi walioota jua kwenye mawe. Mimi nilikuwa karani. Alinipachika jina la Mwandishi, na kwa miaka sita mizima sikumsikia hata mara moja akiniita jina nililopewa na wazazi wangu. Ndiyo maana nami hapa simtaji kwa lake. Mtu huyu alinipotezea kazi kwa ajili ya jua lililowaka saa tatu usiku, na nikimweleza nitamweleza kwa cheo, maana ndicho alichokipenda kuliko watu.

Vyombo vyenyewe havikuwa vya kutisha. Kulikuwa na kibanda cheupe cha mbao chenye vipimajoto ndani, chombo cha shaba cha kukinga mvua, vikombe vya upepo juu ya mlingoti, na sufuria kubwa la bati lililojaa maji, la kupimia maji yanayopotea hewani kwa siku. Mtoto wa darasa la sita angefundishwa kuvisoma kwa asubuhi moja. Yeye aliinama, akafumba jicho moja, akashusha pumzi, kisha akatamka kwa sauti ya hakimu: "Ishirini na tatu, nukta, nne. Andika."

Neno hilo "andika" halikumtoka kazini tu. Mkewe, mama mmoja mpole wa Kikerewe, aliwahi kuniambia kwamba mboga ikikosa chumvi mumewe halalamiki. Huweka kijiko chini na kusema: "Chumvi, sifuri. Andika." Mama yule alicheka aliponisimulia, lakini mimi nilimwonea huruma.

Asubuhi moja tulikuta sufuria limepungua maji karibu nusu. Geti lilikuwa limelala chini na tope la ukingoni limejaa alama za kwato. Mwenye ng'ombe, jirani yetu, mzee wa Kisukuma, alikuwa amesimama palepale na fimbo yake, ameshikwa na aibu.

"Mwangaluka, Mpimaji," akaamkia kwa Kisukuma. "Ng'ombe wangu wamekunywa maji ya selikali. Nisamehe."

Mpimaji Mkuu alipita katikati ya alama za kwato, akainama, akasoma kina cha maji, akatamka tarakimu ambayo hata jangwani isingepatikana.

"Mzee," nikamwambia, "maji haya hayakuchukuliwa na hewa. Yamenywewa na ng'ombe."

"Kwenye fomu kuna safu ya ng'ombe?"

"Hakuna."

"Basi andika."

Nikaandika. Mwenye ng'ombe alitutazama wote wawili, akaniuliza kwa upole kama kazi hiyo huwa tunaisomea shuleni. Mpaka leo, kwenye faili fulani, siku ile ndiyo siku kavu kuliko zote tangu kituo kijengwe.

Wakulima walimjia kila mwanzo wa msimu. Ulikuwa wakati ambao pamba ilikuwa imeanza kununuliwa na kila mwenye lori, na mtu aliyekosea kupanda aliachwa na magugu yake. Walivua kofia, wakamuuliza kama wapande wiki hii au wangoje. Yeye aliwajibu bila kuinua uso kwenye karatasi.

"Sikuajiriwa kutabiri. Niliajiriwa kupima. Mvua ikishanyesha, njooni nitawaambia imenyesha."

"Ikishanyesha hata kuku wangu anajua," alimjibu mama mmoja, na wenzake wakaondoka wakicheka hadi barabarani. Mpimaji hakuona kichekesho. Alinigeukia akasema watu wasio na elimu wana tabu sana, naye elimu yake ilikoma darasa la nane.

Sasa nitasema jambo ambalo sipendi kulisema, kwa sababu linamsaidia. Mtu huyu hakuwahi kukosa saa. Alipofiwa na mama mkwe wake kule Nansio, meli iliondoka asubuhi na ndugu wote ndani yake, yeye akabaki. Alikuwa na kipimo cha saa tisa alasiri. Nilimsihi aende, nikamwambia nitasoma mimi, na vipimo vyenyewe nilivijua kwa moyo. Akaniangalia kama niliyemwomba suruali yake. Saa tisa akaingia uwanjani na tai yake, akasoma chombo cha mvua siku ambayo hakukuwa na wingu hata moja, akatamka, "Sifuri, nukta, sifuri." Alivuka kesho yake, mama wa watu ameshazikwa. Wakwe zake hawakumsamehe, na sioni kwa nini wangemsamehe. Lakini sifuri ile ilikuwa ya kweli, alikwenda akaiona kwa macho yake.

Na kulikuwa na gololi. Hivyo ndivyo tulivyoliita tufe la kioo, ukubwa wa chungwa kubwa, lililokaa juu ya kikalio cha chuma, na nyuma yake kadi nyembamba ya rangi ya bluu yenye mistari ya saa. Jua likiwaka, kioo hukusanya mwanga wake na kuichoma kadi. Wingu likipita, mchomo hukatika. Jioni unatoa kadi na unaona siku nzima ilivyokwenda, dakika kwa dakika, imechorwa kwa moto. Kilikuwa chombo kizuri na sikatai. Yeye alikipenda kwa namna ambayo hakuwahi kumpenda binadamu mbele yangu. Alikifuta kwa upindo wa shati lake mwenyewe, tena shati safi, akikisemesha chinichini: "Haya mzee mwenzangu, tuone leo wameficha nini." Kadi zote alizitunza kwenye droo, zimefungwa kwa uzi mwezi kwa mwezi. Nikiwa mgonjwa wa kumdharau, nilikuwa nafungua droo ile nazitazama, na dharau hupungua kidogo. Kisha alikuwa anaingia na tai yake, inarudi yote.

Ubishi wake mkubwa ulikuwa juu ya saa. Fomu za makao makuu zilichapwa kwa saa za Kizungu, tisa kwa maana ya saa tatu yetu asubuhi. Yeye alizikata kwa rula na kuandika saa za Kiswahili. "Nchi hii ina saa zake," alisema. "Jua likichomoza tunaanza kuhesabu. Wao wanaanzia wapi, usingizini?" Kule makao makuu kulikuwa na karani aliyefanya kazi ya kuongeza sita kila mahali ili fomu zetu zisomeke kama za wenzetu. Nilikuwa nikimfikiria sana karani yule, jinsi anavyotutukana.

Ndipo wakati wa kupunguza watu ukafika. Kila ofisi ya umma ilikuwa na orodha yake. Wenzetu wa shambani walipunguzwa kwanza, wengine wakaenda kuomba kazi kwenye viwanda vya minofu ya sangara. Kwetu ikasemwa wazi: penye watu wawili atabaki mmoja. Nilikuwa na mtoto mdogo, na mume sikuwa naye. Fomu ya kunitathmini mimi ilijazwa na Mpimaji Mkuu, na yake ilijazwa na watu wa mbali wasiomjua.

Katikati ya hofu hiyo ukaja mradi, na mradi ukaleta mashine. Ilikuwa sanduku la kijivu, na juu yake kijicho cha kioo kilichotazama mbinguni kupima nguvu ya mionzi ya jua. Kila saa ilichapa tarakimu kwenye mkanda wa karatasi ndani ya sanduku, na kazi yetu ilikuwa kuutoa mkanda kila Jumatatu na kuunakili daftarini. Mtaalamu wa mradi, bwana mmoja mrefu wa Ulaya mwenye Kiswahili cha darasani, alimkabidhi Mpimaji kijitabu cha maelezo, bado kimo ndani ya nailoni yake. Akamshika mkono kwa mikono miwili na kumwambia, "Tafadhali, msiongeze, msipunguze. Andikeni saa kama mashine inavyosema."

Alichokuwa anamaanisha, nilikuja kujua baadaye, kimeandikwa ukurasa wa kwanza wa kijitabu. Mashine ilikwenda kwa saa ya Grinichi, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa tatu, na wao wenyewe wangerekebisha huko mbele. Sisi ikifika saa tatu asubuhi, ambayo Mzungu huandika tisa, mashine ilichapa sita.

Mpimaji Mkuu alielewa kitu kingine kabisa. Alirudi ofisini anang'aa.

"Mwandishi, umesikia? Tusiongeze, tusipunguze. Wametengeneza mashine ya saa za Kiswahili."

"Nani katengeneza, Mzee?"

"Wao. Wameona fomu zangu. Miaka yote nakata, nakata, leo wamekubali." Akaketi akafungua kifungo cha juu cha shati, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Niliomba nisome kijitabu. "Kijitabu ni cha Mpimaji," akasema, akakitia kwenye droo nyingine, ya meza yake, na kufunga kwa ufunguo. Kiingereza kilikuwa kinampiga chenga, na mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Nadhani hilo peke yake lilitosha kukifungia.

Jumatatu ya kwanza akautandaza mkanda mezani. Mashine imechapa sita, akatamka saa sita. Imechapa saba, saa saba. Kwa hesabu hiyo jua letu lilianza kuwaka saa nne asubuhi na kukolea saa tisa na ushei alasiri. Nikaandika nikidhani nimesikia vibaya. Tukafika kwenye kumi na tano.

"Saa za Kiswahili haziendi kumi na tano, Mzee."

"Mashine inahesabu mfululizo. Toa kumi na mbili. Saa tatu usiku."

Niliweka kalamu chini. "Mzee, saa tatu usiku jua linawaka wapi?"

Alitazama mkanda. Nilimwona akiutazama, na kwa kitambo niliona kitu kikipita usoni mwake, nikajua kwamba anajua. Nikainuka nikaleta kadi ya gololi ya siku ileile. Mchomo ulikuwa umekoma saa kumi na mbili na ushei jioni, kama kila siku ya Mungu. Nikaiweka mbele yake.

"Gololi limezeeka," akasema bila kuigusa. "Mashine ina macho kuliko wewe. Ina macho kuliko sisi wote. Andika."

Ningeweza kukataa. Nilifikiria fomu ya tathmini, nikafikiria mwanangu. Nikaandika. Wiki ile na wiki zilizofuata, msimu mzima, kwa mwandiko wangu mzuri na herufi za jina langu chini ya kila ukurasa, jua la Mwanza lilizama usiku watu wakiwa wamelala. Wa kulaumiwa kwa hilo ni yeye, na mimi pia nimo.

Mtaalamu alirudi bila taarifa, au mimi ndiye sikupewa taarifa. Asubuhi ile nilikuta kijitabu juu ya meza yangu, nailoni yake haijachanwa. Nilifurahi. Naona aibu kukumbuka nilivyofurahi. Nilidhani Mpimaji amelegea, kwamba hatimaye ameniona mtu. Nilikuwa bado nimekishika pale gari la mradi liliposimama nje.

Mtaalamu alifungua daftari, akaweka kidole kwenye mstari. "Kwetu kaskazini, ndiyo, wakati wa kiangazi jua linawaka saa tatu usiku," akasema. "Hapa pia?"

Nilimgeukia Mpimaji Mkuu. Alikuwa amefunga tai. Alikuwa amesimama wima, macho yake dirishani, upande wa gololi.

"Kijitabu nilimkabidhi Mwandishi akisome," akasema. "Mwandiko ni wake."

Nilisema yangu. Nilisema droo, nilisema ufunguo, nilisema kadi. Lakini kijitabu kilikuwa mkononi mwangu na nailoni yake, na herufi zangu zilikuwa chini ya kila ukurasa. Mtaalamu alinitazama kwa huruma, si kwa hasira, na huruma ile iliniudhi kuliko kama angenizaba kofi. Barua ya kupunguzwa kazi ilinifikia kabla ya mvua za vuli. Mpimaji Mkuu alibaki, na siku ninaondoka alikuwa ndani ya waya, anafuta kioo chake. Hakugeuka.

Nilijifunza kupiga chapa. Nikapanga kibanda Buzuruga, karibu na stendi, nikaweka mashine yangu mezani na mlango wazi upande wa mashariki, nikawa naandikia watu barua zao za maombi, mikataba ya vyumba, mialiko ya harusi. Maisha yakaenda. Nilikuwa na namna nne au tano za kumtukana nikikutana naye, nikizifanyia mazoezi nikifua nguo.

Alikuja mwenyewe, miaka imekwisha pita. Aliletwa na mke wa mwanawe, ambaye alimkalisha kwenye kiti cha wateja, akaniomba nimsaidie mzee wakati yeye anapitia sokoni, akaondoka. Macho ya mzee yote mawili yalikuwa na ukungu mweupe. Shati lilikuwa safi. Tai ilikuwa ileile, imechakaa fundoni.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mama," akaitikia, bila kujua anamwitikia nani. Huko nje wapiga debe walikuwa wanaita abiria kwa makelele, nami sikuongeza neno. "Nataka barua. Nakutamkia, wewe andika."

Nikaweka karatasi. Ilikuwa barua ya kwenda makao makuu. Kituo kilikuwa kimefungwa, vyombo vimetupwa stoo, na yeye aliomba jambo moja tu, apewe lile tufe la kioo, kwa kuwa halina kazi tena kwa mtu yeyote. Alisema haoni, lakini angependa kulishika. Vidole vyangu vilikwenda polepole. Namna zangu nne au tano za kumtukana zilikuwa zimepotea zote, na hilo liliniudhi.

Kisha akaendelea, kwa sauti ileile ya vipimajoto: "Aya ya pili. Nalitumikia kituo kwa uaminifu. Mfano, karani mmoja msichana aliwahi kuandika kwamba jua linawaka saa tatu usiku, nami nikaligundua kosa hilo na kulitolea taarifa. Andika."

Sikuandika. Yeye akasubiri mlio wa mashine, kichwa amekiinamisha upande.

"Umeandika?"

"Bado."

"Haya, basi weka saa kwanza. Barua zangu zote naziwekea saa. Sasa ni saa ngapi?"

Saa ya ukutani ilikuwa inaonyesha saa tatu na dakika chache. Nikamwambia, "Saa sita, Mzee."

Akainua uso. Mwanga wa mlangoni ulikuwa unampiga kwenye shavu na shingo, naye akaugeukia taratibu, akatulia hivyo kidogo, amefumba macho yasiyoona.

"Hapana, mama," akasema. "Jua hili ni la saa tatu."

"Mashine inasema sita," nikamwambia. "Na mashine ina macho kuliko wewe."

Mkono wake ulipanda hadi kwenye fundo la tai, ukabaki pale. Huko nje basi liliwashwa, likaunguruma, likaondoka.

"Mwandishi," akasema.

"Naam, Mzee."

"Futa aya ya pili."

"Aya ya pili sijaiandika."

Nikachomoa karatasi ile, nikaweka nyingine nyeupe, nikazungusha roli mpaka mahali pa kuanzia. Sikumsaidia kwa neno. Alilamba midomo, jua likiwa bado shavuni mwake. Kisha akajinyoosha, akashusha pumzi kama alivyokuwa akifanya mbele ya kipimajoto, na akatamka, neno moja moja, kila moja limetimia:

"Kijitabu kilikuwa kwenye droo yangu. Andika."

Nikaandika.